Laki nne na nusu, lenzi moja: kisa cha mpiga picha wa Mwanjelwa anayetaka kuachana na 18-55

Tumchukue mpiga picha mwenye chumba cha studio Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kamera yake ni Canon EOS 2000D, na lenzi aliyonayo ni ile iliyokuja kwenye boksi: EF-S 18-55mm f/3.5-5.6 IS II. Chumba chake kina mita 3 kwa 4. Siku za kazi anapiga pasipoti na picha za familia. Mwisho wa wiki anazunguka kwenye ndoa, kipaimara, sendofu na mahafali, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, na mara mojamoja anashuka Tukuyu au Kyela. Ametenga shilingi 450,000 na anataka lenzi ya kuchukua nafasi ya hiyo ya boksini, kwa sababu picha za kanisani zinamtia aibu mbele ya wateja.

Ushauri alioupata ni wa aina tatu. Wa kwanza: nunua hamsini, yaani lenzi ya 50mm, kila mtu anaanza na hamsini. Wa pili: nunua ndefu, 18-135 au 55-250, usihangaike kusogea. Wa tatu: lenzi haina shida, nunua flashi. Mkononi ana bei nne: EF 50mm f/1.8 STM mpya kutoka Kariakoo 380,000. Hiyohiyo iliyotumika, hapohapo Mbeya, 270,000. EF-S 24mm f/2.8 STM iliyotumika 300,000. Na Tamron 17-50mm f/2.8 iliyotumika, ile isiyo na kitulizi cha mtikisiko, 430,000. Bei hizi ni za kisa hiki tu. Dola ikipanda nazo zinapanda, kwa hiyo usizishike kama msahafu.

Ushauri wote huo umetolewa na watu ambao hawajaziona picha zake zilizoharibika. Ndipo tunapoanzia sisi.

Kuzihoji picha zilizoharibika

Kila picha inabeba kumbukumbu zake ndani: urefu wa lenzi (zile mm), apacha (tundu linaloingiza mwanga, linaandikwa kwa namba ya f), kasi ya shata (muda mwanga unaoingia, kama 1/30 ya sekunde), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwenye kompyuta ya Windows fungua folda la kazi moja nzima, weka mwonekano wa orodha yenye maelezo, kisha bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu na uongeze safu za urefu wa lenzi na namba ya f. Ukibofya kichwa cha safu, picha zote zinajipanga zenyewe kuanzia 18 hadi 55. Kazi ya dakika tano. Chukua ndoa moja kamili, usichanganye na picha za mtaani ulizopiga kujifurahisha.

Kwa mpiga picha wetu orodha inatoka hivi. Picha nyingi kuliko zote ziko mwanzoni, 18 hadi 24, na hizo ni za vikundi nje ya kanisa, magari, meza kuu na watu wanaocheza. Katikati, 28 hadi 40, kuna chache. Kisha kuna rundo la pili mwishoni kabisa, 50 na 55: maharusi wakiingia, kuvishana pete, kuweka saini, mama mzazi anafuta machozi. Zilizotupwa karibu zote zinatoka kwenye rundo hilo la pili, na zina namba zilezile: 55mm, f/5.6, 1/30, ISO 3200.

Sasa kuza moja ya hizo hadi asilimia mia na uitazame kwa makini. Mshumaa wa altareni umetulia, ncha yake inaonekana. Kitambaa cha meza kina nyuzi unazoweza kuhesabu. Lakini mkono wa bwana harusi unaovisha pete umekuwa kivuli chenye kingo mbili. Picha hii moja inatosha kueleza kisa kizima. Kama mkono wa mpiga picha ungetikisika, mshumaa nao ungevutika. Kama fokasi ingekosea, kuna kitu kingine mbele au nyuma ambacho kingekuwa kikali badala ya uso. Hapa kilichosogea ni mtu, na shata ya 1/30 ilikuwa polepole mno kumkamata.

Tofauti hii ina uzito wa pesa. Kitulizi kilichomo kwenye lenzi yake, zile herufi IS, kinatuliza mkono wa anayepiga. Mtu anayepigwa hakimgusi. Anayekwenda kununua lenzi nyingine yenye f/5.6 kwa sababu tu "ina IS nzuri zaidi" atarudi na mkono uleule wenye kingo mbili. Hapo ushauri wa pili umeanguka: 55-250 na 18-135 zote zinafika f/5.6 upande wa mwisho. Zinavuta mbali, mwanga haziongezi. Kwa mpiga picha wa mpira pale Sokoine mchana wa jua ni lenzi safi. Kwa kanisa lenye madirisha madogo mwezi wa Juni, hapana.

Hesabu ya mwanga

Namba ya f ikipungua tundu linapanuka, na mwanga unaongezeka kwa mraba wa uwiano wa namba hizo mbili. Gawa 5.6 kwa 1.8 unapata 3.1, zidisha kwa yenyewe unapata karibu 9.7. Maana yake lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ule ambao lenzi ya boksini inaingiza ikiwa kwenye 55. Ile 1/30 inaweza kupanda hadi karibu 1/250 bila kugusa ISO. Au, kama tutakavyoona mbele, unafunga kidogo hadi f/2.2, unabaki na mara sita na nusu, na unapiga 1/200.

Lenzi ya f/2.8 kwenye urefu huohuo inatoa mara nne kamili: 1/30 inakuwa 1/125. Si haba. Kwa maharusi wanaotembea taratibu inatosha. Kwa watoto wa kipaimara wanaogeuza vichwa kila sekunde inaanza kubana.

Wengi huteleza kwenye 24mm. Mtu anaona f/2.8 kwenye ile 24 nyembamba anadhani atapata mara nne. Lakini lenzi ya boksini ikiwa kwenye 24 haiko f/5.6, iko karibu f/4, kwa sababu upande wake mpana ndio wenye tundu kubwa. Kutoka f/4 kwenda f/2.8 ni mara mbili tu. Kwa 300,000 unanunua lenzi ndogo, nyepesi ya gramu 125, inayosogea hadi sentimita 16 kutoka kwenye kitu na kukitoa safi. Ni lenzi tunayoipenda kwa kazi ya chakula na bidhaa. Ila kwa kisa hiki inatibu upande ambao hauumwi.

Hesabu ya chumba

Kihisi cha 2000D, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ni kidogo, milimita 22.3 kwa 14.9, kwa hiyo kila lenzi inabana kwa mara 1.6 ukilinganisha na kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa. Hamsini inaonyesha kama themanini. Watu wanalijua neno hilo, lakini hawaligeuzi kuwa mita, na mita ndizo zinazoamua kama lenzi inaingia chumbani kwako au haiingii.

Kanuni ni nyepesi: umbali unaohitaji ni upana wa unachotaka kupiga, zidisha kwa urefu wa lenzi, gawa kwa 22.3. Mtu mzima amesimama, kamera umeigeuza wima, na nafasi kidogo juu na chini: chukua mita 2.2. Kwa hamsini ni 2.2 × 50 ÷ 22.3, karibu mita 5. Kwa 35 ni mita tatu na nusu. Kwa 24 ni mita 2.4. Chumba cha Mwanjelwa kina mita 4 kwa upande wake mrefu, na hapo hujatoa nafasi ya pazia la nyuma, mteja kusimama mbele ya pazia, na mgongo wako mwenyewe ukutani. Hamsini haitampiga mtu mzima ndani ya studio ile, labda usimame koridoni na mlango ukiwa wazi.

Pasipoti ni habari nyingine. Kichwa na mabega, fremu ya sentimita 60 wima, hamsini inataka mita 1.35. Inaingia vizuri, na sura inatoka na umbo lake la kweli. Anayepiga pasipoti kwa 24 akiwa amemkaribia mteja anampa pua ambayo mama yake hakumzaa nayo.

Kikundi cha watu kumi kwenye mstari mmoja kinachukua karibu mita 5. Hamsini: mita 11. Nje ya kanisa nafasi hiyo ipo. Ndani ya ukumbi wenye meza na viti, haipo. 18: mita 4. Kwa hiyo rundo la kwanza la picha zake, lile la 18 hadi 24, hamsini haiwezi kulibeba lote. Na habari njema ni kwamba rundo lile haliumwi: mchana, nje, kwenye f/8, lenzi ya boksini ni kali kiasi kwamba hakuna mteja atakayeona tofauti kwenye chapa ya A4.

Mgombea wa kweli: hamsini au 17-50?

Tukiwa wakweli, kinachostahili kuitwa mbadala wa 18-55 ni zumu (lenzi inayobadilisha urefu) ya 17-50 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Hamsini ni nyongeza. Unaiweka pembeni ya lenzi ya zamani. Mtu anayefanya ndoa peke yake na bodi moja, yaani kamera moja, analipa gharama kila anapobadilisha lenzi: sekunde kumi na tano hadi ishirini, mikono miwili, na vumbi linalopata njia. Maharusi hawasubiri. Kwa hoja hiyo tu, Tamron ya 430,000 ilistahili kuitwa mezani kwanza, na hatukubaliani na wanaosema "anza na hamsini" kana kwamba ni sheria.

Kwenye kundi hili kuna nne za kuzijua. Tamron ya 2006 isiyo na kitulizi, yenye uzi wa filta wa milimita 67. Fokasi yake inakoroma, lakini picha ni kali. Tamron ya 2009 yenye kitulizi, uzi wa 72. Sigma 17-50mm f/2.8 OS ya 2010, uzi wa 77, mota tulivu. Na Canon yenyewe EF-S 17-55mm f/2.8 IS USM, ya 2006, gramu 645, ambayo kwa bajeti hii hata ikitumika haitafikika. Kati ya hizi, ile Tamron ya kwanza ndiyo inayopatikana kwa bei ya chini, na kwa ndoa kukosa kitulizi si msiba: ukishapiga 1/125 ili kumtuliza mtu, mkono wako nao umeshatulia.

Kwa hiyo uamuzi ulining'inia kwenye jambo moja: hali ya ile Tamron iliyotumika.

Mezani na muuzaji

Usinunue lenzi iliyotumika bila kwenda na kamera yako, kadi yenye nafasi, betri imejaa, na tochi ya simu. Ukikosa hivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji mwaminifu hatakukataza; atakwambia, "Ijaribu tu, kaka, sina haraka."

Anza na macho. Toa mifuniko yote miwili. Lenzi za Canon na za kufunga kwenye Canon zikiwa nje ya kamera tundu lake linabaki wazi kabisa, kwa hiyo mulika tochi kutoka nyuma na uchungulie kutoka mbele kwa kuinamisha kidogo, huku ukizungusha. Chembe za vumbi ndani si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi au utando wa buibui: hiyo ni kuvu. Rungwe na Kyela ni nchi ya mvua nyingi na unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini Tukuyu ndani ya begi la ngozi kwa misimu miwili ina kila sababu ya kuwa nayo. Kuvu inakula ngozi ya kioo taratibu, na kuifungua lenzi kuisafisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Ukiiona, rudisha. Ukiona ukungu mweupe unaofunika kioo kizima kama mvuke usiofutika, rudisha vilevile: taa na mishumaa itatoa mwanga unaotapakaa.

Tazama ukingo wa mbele wenye uzi wa filta. Ukibonyea mahali pamoja, lenzi ilianguka.

Kisha ifunge kwenye kamera. Lenzi za EF zina alama ya nukta nyekundu, EF-S mraba mweupe. 2000D inazipokea zote. Piga picha mbili kwenye f/2.8, halafu mbili kwenye f/8, halafu mbili kwenye f/16, na uzirudie ukiwa kwenye 17, 35 na 50. Kama kamera inapiga sawa tundu likiwa wazi lakini inatoa ujumbe wa kosa, Err 01, ukifunga hadi f/8, utepe unaoendesha apacha umekatika au unakaribia. Wauzaji wajanja hukuonyesha lenzi kwenye tundu wazi tu. Err 01 inayotokea kila mara inaweza kuwa pini chafu: zifute kwa kitambaa kikavu na ujaribu tena kabla ya kuhukumu.

Jaribio la mwisho ndilo lililoiangusha Tamron yetu. Tafuta ukuta wa tofali, simama mita 2 kutoka ukutani, kamera juu ya stendi, 17mm, f/2.8, ukitumia kipima muda cha sekunde 2. Kuza pembe zote nne. Pembe zote zikiwa laini kidogo, hiyo ni tabia ya lenzi pana na inapona kwenye f/5.6. Lakini upande wa kushoto ukiwa umelegea wakati kulia tofali zina chembechembe za mchanga, kuna jambo. Inaweza kuwa hukusimama sambamba na ukuta. Ili kujua, geuza kamera juu chini na upige tena. Ulegevu ukihamia upande mwingine wa fremu, kosa ni la ulivyosimama. Ukibaki kushoto kwa fremu ilelile, vioo ndani vimehama mahali pake. Ya kwetu ulegevu ulibaki kushoto, na hata kwenye f/5.6 haukuisha. Safu ya mwisho ya kikundi, wale wa kushoto kila siku wangekuwa na nyuso za sabuni. Muuzaji alishusha hadi 360,000. Hapana, kosa la namna hii halipungui bei, linaondoa kazi yote uliyotaka lenzi iifanye.

Hamsini yenyewe

Kwa hiyo tukarudi kwenye EF 50mm f/1.8 STM, na safari hii kwa sababu za kisa hiki na si kwa mazoea. Inatibu rundo lililougua, la 50 na 55, kwa mara kumi ya mwanga. Inapiga pasipoti kuliko kitu chochote alichonacho. Na kwa kuwa ni EF, si EF-S ya kamera za kihisi kidogo, siku atakaponunua bodi ya fremu kamili itafunga, na hata kwenye kamera za Canon za EOS R, zile zisizo na kioo ndani, itafunga kwa adapta.

Usiichanganye na ndugu yake mkubwa, EF 50mm f/1.8 II ya 1990. Ile ina kishikio cha plastiki, uzi wa filta wa milimita 52 na inakaribia hadi sentimita 45 tu. Ya STM, ya 2015, kishikio chake ni chuma, uzi ni 49, inakaribia hadi sentimita 35. Soma maandishi ya mbele, usitegemee anachotamka muuzaji.

Ugonjwa wake unajulikana: bomba la mbele linatoka nje inapofokasi karibu, na ukizima kamera linabaki hapo lilipo, halirudi lenyewe. Lenzi ikigongwa bomba likiwa nje, gia ndogo ndani zinaumia, na autofokasi inaanza kukwama katikati. Unapoijaribu, fokasi kitu cha mbali kisha cha karibu mara kumi mfululizo huku ukisikiliza. Sauti nyororo, sawa. Ikisita mahali pamoja kila mara, iache. Na ukishaimiliki, zoea kufokasi mbali kabla ya kuzima kamera, ili bomba liingie ndani.

Halafu pima kama inakubaliana na bodi yako. Panga viberiti vitano mezani kwa mshazari, kila kimoja sentimita 5 nyuma ya mwenzake. Kaa mita 1.5, f/1.8, kamera kwenye stendi. Fokasi kiberiti cha katikati kwa kuchungulia kitunduni, pale unapoweka jicho nyuma ya kamera, na nukta ya katikati. Piga tano, ukivuruga fokasi kila mara kabla ya kurudia. Kisha washa kioo cha nyuma na ufokasi kwa kioo, piga tano. Kama za kioo zinatoa kiberiti cha tatu kikali na za kitunduni zinatoa cha pili kila mara, lenzi na mfumo wa fokasi wa bodi haviendani. Kamera kubwa zina menyu ya kurekebisha hilo; 2000D haina. Hapo unaomba lenzi nyingine. Ya 270,000 ilipita: nne kati ya tano kitunduni, tano kwa tano kwenye kioo.

Pesa iliyobaki na ushauri wa flashi

Zimebaki 180,000. Kofia ya lenzi ni ya kwanza: ndiyo inayopokea kipigo badala ya bomba, na inazuia mwanga wa pembeni. Filta ya bei poa kwa ajili ya "kulinda kioo" hatuishauri kwa kazi za kanisani, maana kila mshumaa utazaa mng'ao wake mahali pengine kwenye picha. Betri ya pili ya LP-E10, na pakiti za silika za kukaushia unyevu kwenye begi, zile za kubadilisha rangi zikijaa maji.

Flashi? Mshauri wa tatu hakukosea, alitangulia tu. Ukumbini, upande mpana, 18 hadi 24, ambako hakuna lenzi ya bei nafuu yenye mwanga, flashi inayopigwa darini ndiyo jibu. Lakini kuna mtego unaowanasa wenye 2000D: kishikio chake cha flashi hakina ile pini ya katikati. Flashi za kawaida za bei rahisi, zinazosubiri ishara ya pini hiyo pekee, hazitawaka hata ukizibana namna gani. Inahitajika inayozungumza E-TTL, lugha ya Canon ya kamera na flashi kupima mwanga pamoja. Iwekee akiba, usiikimbilie kwa pesa ya betri.

Jumamosi ya kwanza

Namba za kuanzia kanisani: kamera kwenye M (unapanga apacha na shata mwenyewe), ISO ya kujichagulia yenyewe, f/2.2, 1/200 maharusi wakitembea, nukta ya katikati peke yake, autofokasi ya kufuata. Wakisimama, shuka hadi 1/100.

Hiyo 1/100 ina sababu ya pili. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za mirija na LED nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kwenye 1/30 hukuwahi kujua, maana shata ilikusanya mapepeso matatu kwa pamoja. Sasa umepanda 1/200, unakamata nusu ya pepeso: picha moja inang'aa, inayofuata imefifia na ina umanjano, ya tatu ina mstari wa giza. Wengi wanaidhania lenzi mbovu. Kwenye ukumbi wa taa tupu baki 1/100. Kwenye kanisa lenye mwanga wa dirishani panda utakavyo.

Kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali, nacho kinataka heshima. Kwa pasipoti, mita 1.35, f/1.8 inakupa sentimita 5 tu: macho makali, masikio yameyeyuka. Tumia f/4, upate kama sentimita 11. Mtu mzima kwenye mita 5 kwa f/1.8 unayo karibu sentimita 68, inatosha mstari mmoja. Na hapo ndipo picha moja ya Jumamosi hiyo iliharibika: wazazi wameketi, wadhamini wamesimama nyuma yao, f/2.2. Wazazi wakali, wadhamini laini. Safu mbili zinataka f/4 au zaidi, na kama mwanga hauruhusu, waombe wa nyuma wasogee hadi tumbo liguse kiti.

Picha ya karibu ya pete peke yake ilipigwa kwa lenzi ya zamani. Watu hushangaa, lakini 18-55 ikiwa kwenye 55 na sentimita 25 inajaza fremu kwa kitu chenye upana wa kama sentimita 6.6; hamsini kwa karibu yake yote inafika sentimita 10 na nusu. Kwa pete, 18-55 bado ndiyo inayotoka begini.

Wiki iliyofuata kazi ilikuwa Kyela. Ukitoka Mbeya asubuhi ya baridi, au ukalala Tukuyu, kamera inafika ziwani ikiwa na ubaridi wa mlimani, na unyevu wa hewa ya joto unageuka ukungu juu ya kioo dakika hiyohiyo unapofungua begi. Usifute, na usibadilishe lenzi wakati huo, maana mvuke utaingia hadi kwenye kihisi. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa, ikiwa kivulini, ipate joto la mahali. Ndoa ya saa nne ina maana kufika saa tatu.